Almasi ya Laana na Lulu za Ghuba: Ni Nani Hasa Aliyepatwa na Mkosi?

Makala yetu ya historia leo inakujia kutoka hapa Doha, mji mkuu wa Qatar. Tutamzungumzia mwanamke mmoja wa Marekani, binti wa mchimba dhahabu, aliyenunua almasi ambayo dunia nzima iliambiwa kuwa ina laana. Huenda ukajiuliza, almasi ya Marekani inahusiana nini na Doha, na Doha nayo inahusiana nini na pwani yetu ya Afrika Mashariki? Fuatana nami hadi mwisho, kwani njia kati ya sehemu hizo tatu ni fupi kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na tukio la miaka ya karibuni. Mwaka 2024 Mahakama Kuu mjini London ilitoa hukumu katika mzozo uliozikutanisha pande mbili za ukoo wa Al Thani, ukoo unaotawala hapa Qatar. Kilichogombaniwa ni almasi moja ya karati 70, iitwayo Jicho la Sanamu. Almasi hiyo ilinunuliwa na marehemu Sheikh Saud bin Mohammed Al Thani, aliyewahi kusimamia masuala ya utamaduni ya Qatar na ambaye katika zama zake alihesabiwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kazi za sanaa duniani. Muda mfupi kabla ya kufariki dunia mwaka 2014, aliiazimisha kwa kampuni inayoongozwa na jamaa yake, Sheikh Hamad bin Abdullah Al Thani. Kampuni hiyo ikataka kuinunua kwa dola milioni 10, ikidai kwamba bei hiyo ilikwishakubaliwa kwa barua. Upande wa warithi ukasema haukukubali kuuza. Mahakama ikawapa haki warithi.

Hekaya za kale zinasimulia kwamba almasi hiyo iling'olewa katika jicho la sanamu lililokuwa likiabudiwa katika hekalu moja la Benghazi, nchini Libya. Wanahistoria wametabasamu na kukumbusha kuwa, katika karne inayotajwa, Benghazi ulikuwa mji wa Waislamu chini ya Waturuki, na hekalu la masanamu lisingeweza kuwako huko. Kilichoamua kesi ya London hakikuwa sanamu wala laana. Kilikuwa barua, mkataba na bei. Hebu tuyaweke akilini mambo hayo matatu, kwani tutayahitaji mbele ya safari.

Mwezi Juni mwaka 1909, Jicho la Sanamu lilipigwa mnada mjini Paris. Katika mnada huohuo ilikuwemo almasi nyingine ya rangi ya buluu, iliyokuwa mashuhuri zaidi. Jina lake ni Hope, nayo ndiyo inayotupeleka kwa mwanamke wetu.

(Muziki)

Almasi ya Hope ina uzito wa karati 45 na nusu. Asili yake ni India, na inaaminiwa kuwa ilitoka katika machimbo ya Kollur, katika ufalme wa Golconda. Mfanyabiashara Mfaransa Jean-Baptiste Tavernier, aliyeyatembelea machimbo hayo katika karne ya 17, aliandika kwamba aliwakuta watu wapatao 60,000 wakifanya kazi, wanaume, wanawake na watoto. Tavernier alilinunua jiwe la buluu, akalipeleka Ufaransa na kumuuzia Mfalme Louis wa 14. Mwaka 1792, katika vurugu za Mapinduzi ya Ufaransa, likaibwa. Lilipoonekana tena London lilikuwa limekatwa upya na kupungua, na mwaka 1839 likatajwa katika orodha ya vito vya tajiri Henry Philip Hope, ambaye ukoo wake ndio ulioliachia jina.

Katika miaka hiyo yote, zaidi ya 170, hakuna aliyesikika akisema kwamba jiwe lile lina laana. Maneno hayo yalienea mwanzoni mwa karne ya 20, katika magazeti ya Uingereza na Marekani, wakati jiwe lilipokuwa likipita mikononi mwa wauzaji mmoja baada ya mwingine. Ikasemwa kuwa Tavernier aliiba jiwe hilo katika jicho la sanamu, na kwamba kwa adhabu aliraruliwa na mbwa. Ukweli ni kwamba alifariki nchini Urusi akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, umri ambao wengi wetu tungeuomba.

Sasa tumtazame Evalyn Walsh. Alizaliwa mwaka 1886 katika jimbo la Colorado, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Thomas Walsh, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, fundi seremala aliyeingia katika uchimbaji wa madini. Mwaka 1896, karibu na mji mdogo wa Ouray, aligundua dhahabu katika mawe ambayo wachimbaji waliomtangulia waliyapuuza kwa kuwa walikuwa wakitafuta fedha. Mgodi wake, ulioitwa Camp Bird, ulimtajirisha. Mwaka 1902 aliuuza kwa Waingereza kwa zaidi ya dola milioni 5, na familia ikajenga jumba la fahari mjini Washington, jumba ambalo leo ni ubalozi wa Indonesia.

Evalyn alikuwa na ndugu mmoja tu, Vinson. Mwaka 1905 motokaa waliyokuwa wakisafiria ilipinduka katika mji wa Newport. Vinson akafariki dunia. Evalyn aliumia vibaya mguu, na dawa ya mofini aliyopewa ili kutuliza maumivu ikamwachia uraibu uliomsumbua kwa miaka mingi. Mwaka 1908 aliolewa na Edward McLean, kijana wa familia iliyomiliki gazeti la Washington Post. Mwezi Aprili mwaka 1910 baba yake, mzee Walsh, naye akaaga dunia.

Ninakuomba, mpenzi msikilizaji, uitunze miaka hiyo kichwani. Kifo cha ndugu, uraibu na kifo cha baba, vyote vilimfika binti huyo kabla hajaimiliki almasi ya Hope.

Aliyemletea almasi hiyo ni Pierre Cartier, mmoja wa ndugu watatu waliokuwa na duka la usonara maarufu mjini Paris. Mwaka 1910 alimwendea mama huyo hotelini, akamwonyesha bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kabla ya kuifungua akamsimulia mikasa yote: wafalme waliokatwa vichwa, matajiri waliofilisika, wapenzi waliouana. Cartier alikwishamsoma mteja wake. Mama huyo aliwahi kumwambia kwamba vitu vilivyowaletea wengine nuksi, kwake yeye huleta bahati. Wahenga wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sonara huyu aligundua njia ya tatu. Kitu kizuri alikitangaza kwa ubaya wake, na kikauzika.

Mwezi Januari mwaka 1911 mkataba ukatiwa saini kwa bei ya dola 180,000. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha ajabu: endapo msiba wa kifo utatokea katika familia ya mnunuzi ndani ya miezi sita, almasi ingeweza kurudishwa na kubadilishwa kwa vito vingine vya thamani hiyohiyo. Hivyo laana iliandikwa kwa wino na kupewa muda wake wa kumalizika. Hata hivyo wanunuzi walichelewesha malipo, Cartier akawashitaki, na habari za kesi hiyo zikaitangaza almasi kuliko tangazo lolote la kulipiwa.

Baada ya hapo misiba ilikuja kweli, na hatupaswi kuidharau. Mwaka 1919 mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa na miaka tisa, aligongwa na gari karibu na nyumbani akafa. Mume alizama katika ulevi na wanawake wengine. Mwaka 1932, mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh alipotekwa nyara, Evalyn, ambaye mwenyewe alijua uchungu wa kupoteza mtoto, alitoa dola 100,000 ili apatikane, na tapeli mmoja akazichukua. Mwaka 1933 mume wake alitangazwa kuwa amerukwa na akili, na mwaka huohuo gazeti la Washington Post lilinadiwa kwa dola 825,000 kwa sababu ya madeni. Mume alifariki mwaka 1941 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1946 binti yao wa pekee alikufa kwa kuzidisha vidonge vya usingizi, akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata mama mwenyewe akafuata.

Ni orodha ya kuhuzunisha. Lakini kila tukio lina sababu inayoonekana kwa macho: motokaa katika miaka ambayo barabara hazikuwa na nidhamu, pombe, mofini, na fedha nyingi zilizotumiwa bila hesabu hadi ulipokuja mdororo wa uchumi wa dunia. Kikulacho ki nguoni mwako. Evalyn mwenyewe aliivaa almasi hiyo karibu kila siku, wakati mwingine akamvalisha mbwa wake, na alipokosa fedha aliiweka rehani. Na tumtendee haki: mwaka 1932, maelfu ya askari wa zamani waliokuwa na njaa walipopiga kambi Washington kudai malipo yao, mwanamke huyu alikwenda usiku kuwanunulia mikate na sigara. Alikuwa mtu mwenye huruma na mwenye majeraha, na magazeti yakamfanya kuwa kisa cha kutishia watoto.

(Muziki)

Mpenzi msikilizaji, hadi hapa tumezungumzia mikosi ya waliovaa vito. Sasa tuwaulize waliovitoa ardhini na baharini. Kwa swali hilo tunarejea hapa Doha.

Mwaka 1912, mwaka mmoja tu baada ya Pierre Cartier kuuza almasi ya Hope, ndugu yake Jacques alifunga safari hadi Ghuba. Hakuja kutafuta mafuta, kwani wakati ule hayakuwa yamegunduliwa huku. Alikuja kutafuta lulu. Katika zama zile lulu ilikuwa na thamani kuliko almasi, na sehemu kubwa ya lulu za asili duniani ilitoka katika maji ya Ghuba, kuanzia Kuwait na Bahrain hadi Qatar na pwani ambayo leo ni Umoja wa Falme za Kiarabu. Ukitaka kipimo, zingatia hili: mwaka 1917 Cartier alipata jumba lake la New York, katika barabara ya Fifth Avenue, kwa kulibadilisha na kidani cha lulu cha nyuzi mbili kilichokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 1. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya bei ya almasi ya Hope.

Lulu hizo zilipatikanaje? Majira makuu ya uzamiaji yalidumu takriban miezi minne, katika joto kali la kiangazi. Jahazi liliongozwa na nahodha, neno ambalo sisi na watu wa Ghuba tunalitumia kwa pamoja, kama tunavyotumia kwa pamoja neno lulu lenyewe. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akafunga jiwe mguuni, akashuka hadi vilindini kwa pumzi moja tu, akakusanya chaza kwenye kikapu, kisha akatikisa kamba ili mwenzake aliyekuwa juu amvute. Alirudia hivyo mara kadhaa wa kadhaa kwa siku. Masikio yaliharibika, macho yaliumwa kwa chumvi, ngozi ilitoka vidonda, na wapo ambao kamba ilivutwa wakiwa wamekwisha kufa. Kabla ya msimu mzamiaji alipewa karadha ya kulisha familia yake. Mavuno yakiwa haba, deni lilibaki, na pengine likahamia kwa mwanawe.

Msafiri Mwingereza William Palgrave alifika hapa mwaka 1863. Inasimuliwa kwamba mtawala wa wakati ule, Sheikh Mohammed bin Thani, alimweleza kuwa watu wote wa nchi hii, mkubwa kwa mdogo, ni watumwa wa bwana mmoja, naye ni lulu. Kwake yeye hiyo ilikuwa tamathali ya usemi. Kwa baadhi ya waliokuwa majahazini, neno mtumwa halikuwa na mafumbo yoyote.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Vitabu vingi vya shule huishia hapo. Lakini katika miaka hiyohiyo, mahitaji ya lulu na tende katika masoko ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakipanda, na Ghuba ilihitaji mikono zaidi. Majahazi yakaendelea kusafirisha watu kwa magendo kutoka pwani ya Afrika Mashariki, mengi yakipitia bandari ya Sur huko Oman. Wengi waliochukuliwa walikuwa watoto na vijana. Mwanzoni mwa karne ya 20, afisa wa Kiingereza John Gordon Lorimer alipokusanya taarifa za wakazi wa Ghuba, hesabu zake zilionyesha kuwa hapa Qatar zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na asili ya Afrika, na wengi wao walikuwa bado watumwa. Mzamiaji mtumwa alishuka baharini kama wenzake, akavutwa kwa kamba kama wenzake, lakini mwisho wa msimu fungu lake lilipokelewa na bwana wake.

Sauti zao hazikupotea zote. Baadhi walitoroka na kwenda katika ofisi za Waingereza huko Bahrain, Sharjah na Muscat kuomba hati ya uhuru. Huko makarani waliandika maelezo yao kwa ufupi: alizaliwa wapi, alitekwa akiwa na umri gani, aliuzwa kwa nani, alizamia miaka mingapi. Mafaili hayo yamehifadhiwa London, na mengi yanaweza kusomwa leo kupitia maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Maktaba ya Taifa ya Qatar. Ukurasa mmoja au miwili, basi. Hayo ndiyo maisha ya mtu aliyechukuliwa pwani ya Afrika akiwa mtoto, akaishia kutafuta lulu za kuvaliwa na wengine.

Mwisho wa biashara hiyo nao haukuletwa na huruma. Katika miaka ya 1920 Mjapani Kokichi Mikimoto alieneza lulu za kufugwa, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukamaliza kilichobaki. Kile kidani cha dola milioni 1 kiliuzwa mwaka 1957 kwa dola 151,000. Doha ikaingia katika miaka ya njaa na watu wengi wakahama. Meli ya kwanza ya mafuta iliondoka Qatar mwisho wa mwaka 1949, na mwaka 1952 utumwa ukapigwa marufuku rasmi. Fidia ililipwa. Walilipwa waliokuwa wamiliki.

(Muziki)

Almasi ya Hope ilinunuliwa mwaka 1949 na sonara Harry Winston, ili madeni ya marehemu Evalyn yalipwe. Winston huyohuyo alikwisha kulinunua pia Jicho la Sanamu na kumuuzia May Bonfils, mwanamke mwingine wa Colorado, mrithi wa mali ya gazeti. Mwaka 1958 Winston aliitoa Hope zawadi kwa jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, akaituma kwa njia ya posta. Tangu hapo mamilioni ya watu wamepita mbele ya kioo chake, na Smithsonian haikupata balaa lolote. Ilichopata ni wageni. Na wageni wengi huja kwa sababu ya ile laana aliyoisimulia Cartier hotelini.

Hapa Doha, katika mtaa wa Msheireb, ipo nyumba iitwayo Bin Jelmood, iliyowahi kuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Mwaka 2015 ilifunguliwa kuwa makumbusho ya historia ya utumwa, jambo ambalo katika eneo hili halikuwa limezoeleka. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo hadi barabara ya ufukweni, ambako imesimama sanamu kubwa ya chaza aliyefunua kinywa akionyesha lulu. Wageni wangu kutoka Afrika Mashariki hupenda kupigwa picha penye chaza. Mimi huwaomba kwanza tupite Bin Jelmood. Mmoja wao, mtu wa Mombasa, alisimama kimya mbele ya ramani inayoonyesha njia za majahazi kutoka kwetu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe wenyeji wetu huku ni jamaa zetu." Na ni kweli. Katika arusi za Ghuba bado huchezwa ngoma ya leiwa, na ndani ya nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji wenyewe hawajui tena maana yake.

Mpenzi msikilizaji, hadithi ya kito chenye laana hutuvutia kwa sababu inatuahidi haki: kwamba mwenye kuvaa kilichopatikana kwa dhuluma atalipa. Lakini tukiifuatilia kwa makini tunaona kwamba inatuonyesha mkosi wa mtu mmoja aliyevaa almasi, tena mikosi mingine ilimkuta hata kabla ya kuivaa, na kutusahaulisha watu 60,000 wa Kollur na wazamiaji wa Ghuba ambao mikosi yao ilianza siku ileile walipofikishwa kazini. Evalyn Walsh aliandika kitabu cha maisha yake, na picha zake zipo. Wao wana kurasa mbili katika faili, na maneno machache katika wimbo. Jiwe halina kosa. Kama kuna laana, basi imeandikwa mahali tulipopataja mwanzo: katika barua, katika mkataba na katika bei.